Hakimu Hakumpa Ukimya

Nyie vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni chini. Kuna mtu anasoma huku anatembea barabarani, bodaboda inampigia honi, halafu baadaye anasema bibi kaandika kitu hakieleweki. Kaeni. Mimi shule niliishia darasa la nne, naandika kama ninavyosema, na watu wanasema nikiongea ni kama nagomba. Sigombi. Ndivyo sauti yangu ilivyo.

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, wengine mmetuma ujumbe kwenye simu ya mkwe wangu: ilikuwaje bibi mkaingia jela mkamtoa mtu kwenye chumba cha peke yake? Na wengine mmeshaongeza yenu, kwamba tulifunga tukaomba mpaka ukuta ukapasuka. Ukuta haukupasuka. Upo mpaka leo, wa matofali ya kuchoma, umepakwa chokaa. Nitasema ilivyokuwa tu. Gereza silitaji, na msinisumbue kuniuliza ni lipi.

Sisi kina mama wa jumuiya yetu hapa Mpanda tuna kawaida ya kwenda kuwaona wafungwa Jumapili baada ya misa. Tunabeba sabuni za mche, chumvi, karanga, viazi vya kuchemsha, na kama kuna mtu kapata mzigo kutoka Karema tunabeba na migebuka mikavu, wale samaki wa Tanganyika. Askari pale getini anakagua kila kitu. Hata kiazi anakikata katikati aone kama hakina jambo ndani. Tukishaingia tunaimba, katekista anasoma neno, tunashikana mikono na wafungwa, tunaondoka. Ndugu zetu Waislamu nao wana siku yao, Ijumaa. Hatukuwahi kukutana humo wala kuulizana. Kila mtu na siku yake. Kwa kweli tulikuwa tunaenda kama mtu anavyokwenda kumwagilia mchicha. Unamwaga maji, unarudi nyumbani, unalala vizuri.

Jumapili hiyo ninayoisema, nilimkuta mwanamke amekaa nje ya geti juu ya ndoo iliyofunikwa. Mrefu, mkavu, kitenge cha kijani, na ile namna ya kufunga kilemba nikajua huyu ni Msukuma wa ng'ombe. Ndani ya ndoo kulikuwa na maziwa ya mgando. Nzi walishajua.

Nikamwambia, "Mama, mbona huingii? Foleni inaisha."

"Nimeshaingia. Wamesema wa kwangu haonwi."

"Anaumwa?"

"Amefungwa."

"Wote humo wamefungwa, mama."

Akaniangalia kama anaangalia mtoto asiyejua kuchunga. "Wa kwangu amefungwa ndani ya kufungwa," akasema.

Ndipo akanieleza. Mwanawe alikuwa amehukumiwa kwa ugomvi wa mifugo na mashamba kule kwao, upande wa Majimoto. Hilo alilikubali. Alisema mwanangu ni mkorofi, baba yake alikuwa mkorofi, na fahali wao pia mkorofi. Lakini akiwa jela, siku moja wanalima, alimpiga mfungwa mwenzake kichwani kwa mpini wa jembe. Aliyepigwa alizimia, akashonwa. Kijana akawekwa chumba cha peke yake. Mlango wa chuma, kitundu cha kupitishia sahani, na nusu saa ya kutembea uani akiwa na askari. Aliwekwa humo mahindi yako magotini. Siku ile nazungumza na mama yake, watu walikuwa wanavunja mahindi makavu.

"Mara ya mwisho waliponiruhusu," mama yule akasema, "nilimuuliza habari ya ng'ombe, ili aongee. Nikamwambia, yule mwekundu mwenye baka amezaa. Akaniuliza, yupi? Yule alimlea mwenyewe kwa mkono, mayo, mama yangu. Alimnyonyesha kwa kidole. Ananiuliza yupi!"

Hakulia. Alisema tu, akafukuza nzi.

Nilimchukua nikaenda naye nyumbani, maana hakuna gari la kurudi Majimoto jioni. Nikampikia ugali na mlenda wa karanga. Akala wote, akanawa, halafu akamwambia mkwe wangu, "Ugali wenu laini kama uji wa mtoto. Mnaupika mkiwa mmekaa?" Mkwe wangu alinuna. Mimi nilimpenda palepale yule mwanamke.

Wiki ile ile nilimshika katekista, tukaenda kwa mkuu wa gereza, ambaye sisi wazee bado tunamwita bwana jela. Ni kijana tu wa umri wa mwanangu wa pili, mpole, ana kitambi kidogo. Mtu akifikiri nitasema alikuwa katili, atangoja sana. Alitukaribisha viti, akatuagizia soda.

Akasema, "Bibi, mimi nina mabweni mawili. Kila bweni lina watu wa yule aliyepigwa. Nikimrudisha huyu leo, kesho nitapeleka maiti kwao. Au yeye atampiga mwingine. Pale alipo yuko salama."

"Salama ya nani, afande?"

Katekista akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Nauliza tu," nikasema. "Maana mama yake anasema amesahau ng'ombe wake. Msukuma akisahau ng'ombe, huyo hayuko salama. Huyo anaisha."

Bwana jela akazungusha chupa yake ya soda mezani. "Bibi, alikosa."

"Alikosa. Nani amesema hakukosa? Hata yule wa kwanza alikosa, ndiyo maana yuko kwako. Lakini hakimu alimpa jela. Hakumpa ukimya."

Alichotupa siku hiyo ni kidogo: tukija Jumapili, tuimbe wimbo mmoja nje ya mlango wa kile chumba. Tuimbe, tuombe, tuondoke. Tusimsemeshe, maana utaratibu hauruhusu. Tukashukuru. Kidogo ni kidogo, lakini unakitafuna.

Jumuiyani palikuwa na maneno. Mwenzetu mmoja ambaye mwanawe aliwahi kuvamiwa na wezi akabaki kilema, alisimama akasema, "Wakorofi wakae wenyewe wajifikirie. Mimi siwezi kumwimbia mtu kama huyo." Sikumkemea. Mtu mwenye kidonda hakemewi kwa kulia. Nilimwambia tu, "Wewe kaa nyumbani utuchemshie viazi." Akachemsha. Na alivichemsha vizuri, na chumvi aliweka.

Basi tukaenda. Tulipitishwa korido fupi, tukasimama mbele ya ule mlango wa chuma, wanawake tumebanana kama magunia. Hatukusema neno, kama tulivyoagizwa. Tukaanza moja kwa moja na ishara ya msalaba, tukaimba wimbo beti zote, katekista akaomba sala yake ile ndefu ambayo anawaombea mpaka wakuu wa nchi, tukajibu amina, tukageuka, tukatoka. Ndani hatukusikia hata kikohozi. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nilikula, nikalala mchana.

Jumapili iliyofuata bwana jela mwenyewe alitusubiri getini. Hakuwa na uso wa kuchekea.

"Bibi, mlimwambia nini?"

"Si ulisema tusiseme? Hatukusema kitu."

"Tangu siku ile uji unarudi. Ugali unarudi. Maji tu ndiyo anakunywa. Daktari amekuja mara mbili. Nikimuuliza, anageukia ukutani."

Jamani! Tulikwenda kumpa mtu moyo, tukamwondolea hata ule aliokuwa nao. Wengine wakaanza kusema shetani, wengine wakasema wimbo ulikuwa wa msiba. Haukuwa wa msiba. Nikawaambia wanyamaze, nikarudi nyumbani, maana mama yake alikuwa amefika jana yake na alikuwa kwangu anapepeta karanga.

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, ungo umesimama mikononi.

"Mlipofika mlangoni," akauliza, "mlimsalimia?"

"Hatukuruhusiwa kumsemesha."

"Nauliza, mlimsalimia?"

"Hatukumsalimia. Tulianza na sala."

Akaweka ungo chini. "Basi mmemtenga," akasema.

Nyie mliozaliwa mjini hamjui, ngoja niseme. Kwa wale jirani zetu waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini, mtu akikosea kijiji, akagoma kulipa faini au akakataa kuja kwenye msiba wa wenzake, wazee wanaweza kumtenga. Hapigwi. Hafukuzwi. Ila hakuna wa kumsalimia. Hakuna wa kumpa moto wala kuazima jembe lake. Watu wanapita mbele ya boma lake, wanaongea wao kwa wao, wanaimba hata, lakini yeye hawamwoni. Akifiwa anazika mwenyewe. Mpaka atakapokwenda kuomba radhi na kulisha watu. Na anayemsalimia kabla ya hapo, naye anatozwa. Wanaume wenye ng'ombe zizi zima wametoka kwenye hali hiyo wamekonda kama mwiko.

Sasa fikiria kijana yuko gizani, hajui lolote la nje. Anasikia miguu ya watu wengi inakuja. Anasogea mlangoni. Wanasimama. Hawasemi "hujambo", hawasemi "upo?" Wanaimba, wanamalizana wao kwa wao, wanaondoka. Yeye alijua kitu kimoja tu: kwetu wamenitenga, na wametuma watu waje kunionyesha. Sisi tulidhani tunaleta baraka. Kumbe tulisoma hukumu.

"Nyie watu wa kanisa," mama akasema, na kidogo alicheka, kile kicheko cha hasira, "mnamsalimia Mungu kwanza, mtu baadaye."

Nilimwambia, "Nifundishe salamu yenu."

Akanifundisha mchana kutwa. Mimi Mkonongo, ulimi wangu una njia zake. Mkwe wangu alikuwa anacheka jikoni kwa kulipiza ule ugali. Nikawa nakwenda huku na huku nje na ufagio, "Mwangaluka, mwangaluka," kuku wananiangalia.

Kesho yake asubuhi nikarudi gerezani, si siku ya kutembelea, mimi na katekista. Nikamwambia bwana jela jambo lilivyokuwa. Alishika kichwa. Yeye ni wa pwani huko, mambo ya kutengana kwa Wasukuma atayajulia wapi.

Nikamuuliza, "Afande, salamu nayo ni maongezi?"

Akafikiri. "Salamu ni salamu, bibi."

"Basi utaratibu wako uko palepale. Nakwenda kumsalimia."

Nikasimama mbele ya kile kitundu. Ndani palinuka jasho la zamani na saruji. Nikasema kwa sauti yangu hii mnayoiita ya kugomba, "Mwangaluka!"

Kimya. Katekista akakohoa.

Nikasema tena, "Mwangaluka, baba! Mama yako amenifundisha, kama nimekosea mkosoe yeye."

Kitu kikasogea ndani. Halafu sauti, kavu, kama ya mtu mwenye unga mdomoni. "Mwangaluka."

Kisha akauliza kwa Kiswahili, polepole, kila neno analitafuta, ila mama akamtaja kwa Kisukuma, "Mayo yupo?"

"Yupo. Yuko kwangu, anakula chakula changu na kukisema vibaya."

Nikasikia pumzi inatoka kwa nguvu puani. Kicheko hicho, cha mtu aliyesahau namna. Askari aliyesimama nasi, kijana mgumu mgumu, aligeuka akaangalia dari. Siku ile uji haukurudi.

Sasa hapo wengine wangeishia. Wimbo umeimbwa, salamu imeitikiwa, twendeni nyumbani. Mimi niliwaambia wenzangu, hatujafanya kitu bado. Mtu yuko palepale. Tumemsalimia akiwa shimoni, lakini yuko shimoni. Tumtoe.

Na kumtoa, kama bwana jela alivyosema, kulikuwa mikononi mwa yule aliyepigwa. Huyo ni mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, upande ule ule wa Majimoto, mtu mzima, Mwislamu. Sisi hatukumjua, lakini ninaye mwenzangu sokoni anayeuza migebuka, mume wake ni shehe wa msikiti wa mtaa wao, na mwenzangu mwenyewe ndiye kiongozi wa wale kina mama wa Ijumaa. Tumefahamiana tangu tukiwa wasichana, tumegombania meza ya kuuzia, tumezikiana watoto. Nikaenda mezani kwake.

"Leo huna hata aibu," akaniambia kabla sijafungua mdomo, "umekuja mikono mitupu. Unataka mkopo wa samaki?"

"Nataka mfungwa wako."

"Heee! Mume hakutoshi, sasa unanidai na wafungwa?"

Wanawake wa meza za pembeni wakaangua kicheko. Nikavuta kigoda nikamweleza. Aliacha kufukuza nzi. Yule mkulima alikuwa anamfahamu vizuri, alikuwa anampelekea dawa ya kidonda.

"Yule mzee hana kinyongo cha kuua," akasema. "Ila anaogopa. Wewe ungepigwa mpini kisogoni usingeogopa?"

"Ningeogopa."

"Haya. Na huyo Msukuma wako naye, usinifanye nimhurumie bure. Alipiga."

"Alipiga. Uliza kwa nini."

Hilo ndilo lililowakutanisha shehe na katekista, watu wawili ambao kabla ya hapo walikuwa wanapishana barabarani na baiskeli zao kwa kuinua mkono tu. Wakaomba, bwana jela akakubali, wakawakalisha kijana na yule mkulima kwenye chumba cha ofisi na askari mlangoni. Mimi na mwenzangu wa migebuka tuliruhusiwa kukaa kwenye benchi, tusiongee. Nilijitahidi.

Kijana alipoletwa, hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Nilidhani nitaona dume la nyati, kumbe mtoto mrefu, mabega yameshuka, macho anayakunja kwa mwanga kama mtu anayetoka jikoni penye moshi. Alitembea ameshika ukuta. Ukuta ulipoisha, akasimama. Hakujua avukeje pale katikati ya chumba. Shehe alinyanyuka mwenyewe akamshika mkono, akamleta kwenye kiti.

Yakatoka. Yule mkulima siku ile shambani alimwambia mbele ya watu, kwamba ng'ombe wao wote wataliwa na mawakili, na yeye atatoka jela akachunge kuku. Maneno ya shambani, ya kupitisha jua. Lakini ng'ombe wa kijana walikuwa kweli wamekamatwa, na yeye alikuwa hajui kama wako hai. Akainua mpini.

Katekista alitaka aanze mahubiri, shehe akamwekea mkono gotini. Watu wazima wanaelewana.

Yule mkulima akajipapasa kisogo, akasema, "Mimi maneno yale niliyasema, na nayarudisha. Ng'ombe wako Mungu akuwekee. Na mimi sina neno tena. Ila nina sharti."

Bwana jela akajiweka sawa. "Sema."

"Tukienda kulima, asilime nyuma yangu. Alime mbele, nimwone."

Bwana jela aliinamisha kichwa mezani, mabega yakawa yanatikisika. Shehe alijifanya anafuta miwani. Yule kijana hakuelewa kwa nini watu wanacheka, alikuwa amekaza macho kwa yule mzee, akasema tu, "Nitalima mbele." Halafu akasema, "Nimekosa, baba." Hilo baba hakuna aliyemfundisha.

Bwana jela hakumtoa siku ile. Aliogopa, na mimi simlaumu, mwenye funguo ana kazi yake. Lakini alitutolea sharti lake na yeye. Akasema, "Mimi peke yangu nimefunga mlango kwa sababu sina mtu wa kukaa na ugomvi. Askari wangu ni wachache. Nyie mna watu. Kama mnataka chumba kile kikae wazi, basi ugomvi ukitokea humu nitapiga simu, na mje. Si Jumapili wala Ijumaa. Siku hiyo hiyo."

Shehe akasema tutakuja. Katekista akasema tutakuja. Mwenzangu akanichapa kiwiko cha mbavu akanong'ona, "Wanaume wanaahidi, watakaokuja ni sisi."

Na kweli ni sisi. Lakini na wao wanakuja, nisiwaonee.

Wiki hiyo hiyo kijana alihamishiwa bwenini, akalala jirani na nyapara mmoja mzee aliyekuwa anaaminika na wote. Siku za kwanza, alisema nyapara, alikuwa haongei ila anasikiliza wengine wanavyoongea, hata wanaokoroma alikuwa anawasikiliza. Shambani alilima mbele. Yule mkulima alikuwa nyuma yake na jembe, anamwambia, "Lima, usigeuke kama mke wa Lutu." Wakristo wakacheka na Waislamu wakacheka. Yeye Msukuma wa porini hakujua mke wa Lutu ni nani, ikabidi Jumapili katekista amsimulie, na Ijumaa shehe naye akamsimulia, kila mmoja kwa namna yake. Akasema zote mbili ni nzuri, ila angetaka kujua yule mwanamke aliacha ng'ombe wangapi.

Mama yake aliporuhusiwa kumwona tena, nilikuwepo. Wale wanawake hawakumbatiani hovyo. Alisimama mbali kidogo akaanza kumtajia ng'ombe, mmoja mmoja kwa rangi na pembe, wale waliokuwa wamerudishwa. Mweusi wa nundu kubwa. Mwekundu mwenye baka na ndama wake. Yule wa pembe iliyovunjika.

"Mayo," kijana akamkata, "wa pembe iliyovunjika tulimuuza kabla sijakamatwa."

Mama yake akanigeukia. Alikuwa amesema makusudi. Uso wake, nyie, sijui niuelezeje. Ulikuwa kama wa mtu aliyefukua kisima akaona udongo umeanza kulowa.

Sasa msifikiri kwamba baada ya hapo malaika walishuka. Simu ilipigwa. Imepigwa mara nyingi. Tumekwenda mvua inanyesha, tumekwenda siku ya harusi ya mjukuu wangu nikiwa na nguo za harusi. Kuna ugomvi tuliukalia ukaisha kwa chai. Kuna mmoja ulitushinda, mtu akarudishwa kile chumba, na tulikaa nje ya mlango kwa zamu, Waislamu na sisi, tunamsalimia na kuzungumza naye, mpaka kesho yake jioni bwana jela akamtoa kwa sababu, alisema, tunamchosha. Yule mwenzetu wa viazi, aliyesema wakorofi wakae wenyewe, naye alishika zamu. Hakuimba. Alikaa tu anamenya karanga, na aliyekuwa ndani akawa anamuuliza bei ya karanga sokoni.

Chumba chenyewe sasa kinawekwa majembe na mbegu. Niliingia kukiona. Mlango ulikuwa wazi, umeegemezwa tofali. Panya wamo.

Mashirika na wakubwa wakija kuniuliza tulitumia mbinu gani, nawaambia hatuna mbinu. Mlango ule ulikuwa unafungwa kwa sababu hakuna mtu wa kukaa katikati ya wagomvi. Misikiti na makanisa yana nini zaidi ya watu wa kukaa? Fedha hatuna. Tuna matako ya kukalia mabenchi. Mtanisamehe, lakini ndiyo hivyo.

Kijana alimaliza kifungo chake juzi juzi, mpunga ukiwa umeanza kuinama. Mama yake alikuja kumpokea, na gari la Majimoto lilishaondoka, basi wakalala kwangu. Nyumba ilijaa: wanangu wawili, wakwe, wajukuu, na mwenzangu wa migebuka aliyeleta samaki na kukaa mpaka mbu wakamfukuza. Kijana alikula, alijibu kila aliyemuuliza, aliwaonyesha watoto namna ya kumwita ng'ombe kwa mluzi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wangu, miguu nimenyoosha, sina ninachotaka.

Wakati wa kulala nikaona amekwama. Tulimtayarishia chumba cha pembeni, kizuri, kina neti. Alikuwa amesimama kizingitini na godoro lake mkononi, haingii. Mwanangu mkubwa akamwambia, "Ingia tu ndugu yangu, halafu komea na lile komeo la chuma, huku kwetu fisi wanafika." Kijana aliitikia ndiyo, lakini hakusogea. Jasho lilikuwa linamtoka hapa juu ya mdomo. Mama yake aliangalia chini.

Nikanyanyuka, nikamwomba mkwe wangu nyundo, nikaling'oa lile komeo mwenyewe, misumari na yote. Halafu nikawaambia wote waliokuwa pale, wakubwa kwa wadogo:

"Mlango huu asiuguse mtu. Utakaa wazi leo, na kila siku atakayolala mgeni huyu hapa. Mwenye kuogopa fisi akalale jikoni."